Jua la Karafuu na Ngozi ya Mtoto

Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa nguvu za jua. Yeye ndiye anayeamka alfajiri akatazama mbingu kabla hajatazama chai yake. Ndiye ajuaye kuwa karafuu iliyopata siku nne au tano za jua zuri hutoka na rangi nzuri ya kahawia na huvunjika ikibanwa kwa vidole, na kuwa ile iliyolala chini ya mawingu huharibika na kupoteza bei. Sisi twalipima jua kwa kilo na kwa shilingi. Lakini twaomba wanachama watuwie radhi tukisema kwamba lipo jua moja ambalo wengi wetu hatulipimi hata kidogo, nalo ni lile linaloangukia migongo ya watoto wetu waliomo baharini wakati sisi tuko juu ya miti.

Msimu uliopita tulikwenda kutembelea dago moja la wachumaji upande wa magharibi wa Pemba, mahali ambapo ukisimama kwenye sakafu ya kuanikia waisikia bahari ingawa huioni. Tulikwenda kwa mambo ya majamvi na magunia, si kwa mambo ya watoto. Tulipokuwa tukizungumza na mwenye shamba, ambaye ni mwanachama wetu wa miaka mingi, mkewe akatuita bandani. Huko tulimkuta kijana wao mdogo, wa miaka minane, amelala kifudifudi juu ya mkeka, hawezi kugeuka. Mabega yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva, na juu yake yametoka malengelenge ya ukubwa wa kunde, masikio yamevimba, macho hayafunguki ila kwa shida. Kaka yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameketi ubavuni pake, mzima kabisa, ila midomo imempasuka kidogo.

Wote wawili walikuwa wametoka pwani. Walikwenda pamoja baada ya chai ya asubuhi, wakakoga pamoja, wakarudi pamoja alasiri. Tofauti yao ni moja tu: huyu mdogo amezaliwa na ualbino. (Zamani watu hawa wakiitwa zeruzeru. Wenyewe wamesema kuwa jina hilo lawaudhi, nasi tumeliacha.)

Mama yake alitueleza kwa huzuni kuwa hakumwacha aende hivi hivi. Alimpaka mafuta ya nazi mwili mzima kabla hajaondoka, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akipakwa na mama yake. Bibi mzaa baba naye alikwisha kuleta kichupa cha mafuta ya karafuu ili apakwe pale penye malengelenge, maana kwake yeye dawa ya jino ni dawa ya kila kitu. Tulimwomba kwa heshima akirudishe mahali pake, na mbele tutaeleza kwa nini.

Ndipo baba akatoa hukumu. "Pwani basi tena," alisema. "Mwenzake na aende, yeye atakaa kivulini chini ya mwembe mpaka tutakapovunja dago."

Kijana yule hakulia tulipomgeuza, ingawa yalimuuma. Alilia aliposikia neno hilo. Akasema, uso ungali mkekani, "Baba, na kaka atafundishwa na nani kupiga mbizi? Yeye hajui."

Twakiri kuwa hatukuwa na jawabu siku ile. Tulisaidia kumpeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya, tukaondoka na magunia yetu, na neno la mtoto likatufuata mpaka ofisini. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyoyapata kwa kuuliza na kwa kusoma, hasa katika maelezo ya Shirika la Afya Duniani, tukayalinganisha na bahari yetu na kazi yetu.

Kwanza, baba mtu hakukosea kuogopa. Rangi ya ngozi hutokana na kitu kiitwacho melanini, ambacho kazi yake ni kama ya makuti juu ya paa. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na melanini kidogo mno, au bila ya melanini kabisa, katika ngozi, nywele na macho. Ni urithi unaotoka kwa baba na mama wote wawili, ambao huenda wao wenyewe wana rangi kama ya jirani zao. Hamna laana wala mkosi ndani yake. Katika Tanzania hukisiwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 1,400 yu hivyo, ilhali Ulaya na Marekani hukisiwa mmoja katika watu 17,000 hata 20,000. Kwa hivyo si jambo la nyumba ya mtu mwingine. Ni wachache kati yetu wasiomjua hata mtoto mmoja wa namna hii, kama si katika ukoo basi katika mtaa au skuli.

Mwaka 1985 madaktari walitangaza habari za watu 350 wenye ualbino waliochunguzwa Dar es Salaam. Waliona kuwa jua lilianza kuwaharibu ngozi tangu utotoni mwao, na kwamba saratani ya ngozi iliwajia wangali vijana, katika umri ambao mtu wa kwetu ndiyo kwanza anapanda mikarafuu yake mwenyewe. Kwa wingi hutokea kichwani, usoni, masikioni na shingoni, yaani mahali palepale nguo isipofika. Maana yake ni kuwa kuungua kwa leo, hata malengelenge yakipona na ngozi ikachunika na mtoto akacheka tena, si jambo lililokwisha. Limeandikwa kama deni linavyoandikwa katika daftari la dukani, na mtoto wa miaka minane hajui kusoma daftari hilo.

Lakini kumweka chini ya mwembe miezi yote ya mchumo nako hakumlindi kama baba alivyodhani. Kivuli hupunguza mionzi ya jua kwa nusu au zaidi, hakiiondoi yote. Na mtoto wa miaka minane asiyetoroka kutoka chini ya mwembe bado hatujamwona. Tena yupo kisiwani. Maisha yake yote atapanda vyombo baina ya Pemba na Unguja, na wanaokumbuka Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama njiani ikija kwetu, hawahitaji kuelezwa kwa nini kila mtoto wa visiwa hivi apewe nafasi ya kujua maji. Kwa hivyo swali si kama aende baharini au asiende. Swali ni aende lini, na amevaa nini.

Yafaa tuelewe kwa nini bahari huunguza kupita shamba. Shambani mtoto ana miti juu yake, baharini hana. Mchanga mkavu hurudisha juu kama sehemu 15 katika 100 za mionzi inayouangukia, na povu la mawimbi kama sehemu 25, ndiyo maana mtu mwenye kofia pana huungua kidevuni na chini ya pua akashangaa. Maji yenyewe si pazia. Nusu mita chini ya uso wa bahari, mionzi hiyo ingali na nguvu kama sehemu 40 katika 100, na mtoto anayeogelea mgongo wake uko juu zaidi ya hapo. Kubwa kuliko yote ni kuwa mionzi inayounguza, ambayo wataalamu huiita urujuanimno, haionekani kwa macho wala haina joto la kuhisiwa. Maji humpoza mtoto, upepo wa bahari humpoza, naye hana habari mpaka usiku.

Hapa ndipo mkulima anapoweza kudanganywa na ujuzi wake mwenyewe. Likitanda wingu jepesi sisi husema leo karafuu hazitakauka, na ni kweli, maana joto limezuiwa. Lakini wingu jepesi huacha sehemu kubwa ya mionzi hiyo ipite. Siku ya mawingu ambayo karafuu yako inanuna juu ya jamvi, mtoto wako aweza kuungua vilevile.

Sasa tuje kwenye saa. Zaidi ya nusu ya mionzi ya siku nzima hutufikia baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Pemba iko karibu nyuzi tano kusini ya ikweta, na kwa sababu hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Tazameni basi Oktoba huangukia wapi: ni wakati wa vuli, wachumaji wako mitini, watu wazima hawana nafasi, na watoto wamejaa pwani. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha mionzi kinachoanzia sifuri. Kikifika 3 watu hushauriwa kujikinga, na kuanzia 11 huitwa hatari ya kupita kiasi. Katika nchi za karibu na ikweta kama yetu, kufika 11 adhuhuri si ajabu.

Hakuna haja ya kununua chombo cha kupimia. Msimamishe mtoto juani atazame kivuli chake. Kivuli kikiwa kirefu kuliko yeye, jua limepungua makali. Kikiwa kifupi kuliko yeye, na atoke. Katika visiwa vyetu kivuli huwa kifupi tangu saa tatu na kitu asubuhi mpaka saa tisa na kitu mchana, na kwa mtoto mwenye ualbino twashauri muda huo uongezwe huku na huku: aingie majini kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu jioni. Hata hapo asivue nguo.

Mtu wa pwani atatuambia, na kwa haki, kuwa mtoto haogelei kwa saa ya ukutani bali kwa maji ya bahari. Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya nje havilisemi, nasi tumelifikiria sana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji kwetu hujaa kama saa kumi, alfajiri na tena jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi. Hizo ni siku njema: adhuhuri watoto hawana maji ya kina karibu, na jioni bahari huwajia yenyewe jua likiwa limeshuka. Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini. Yakifika maji mafu, kujaa huwa kama saa nne asubuhi, na siku mbili tatu baada ya hapo hujaa adhuhuri hasa. Hizo ndizo siku za hatari. Bahari iko mlangoni, imetulia, ina kina cha kupendeza, na jua liko utosini. Wale vijana wawili, tulipohesabu, walikwenda katika siku hizohizo. Mzazi anayejua mwezi aweza kujua tangu wiki iliyopita ni siku zipi za kumtafutia mtoto kazi nyingine bandani saa za mchana.

Katika mavazi tuna bahati kuliko tunavyodhani. Wasichana wetu wengi hukoga na nguo zao, na hilo tulilolifanya kwa ajili ya sitara limekuwa pia kinga ya jua. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wamevaa mavazi ya mwili mzima, na picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Aliyeziona picha zile hawezi kusema tena kuwa mtu aliyejifunika hawezi kuelea. Ni wavulana ndio wanaovua kila kitu na kurukia gatini.

Si kila nguo ni kinga. Fulana nyeupe ya pamba ikirowa hupitisha jua zaidi kuliko ikiwa kavu, na shati jeupe la skuli lililokwisha kuchakaa ni kama chujio. Inua nguo uitazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga umepenya, jua nalo litapenya. Nguo nyeusi iliyofumwa kwa kubana, kama kaniki ya zamani, hukinga vizuri, lakini isiwe ya kujifunga, maana kitambaa kirefu humzonga mtoto miguu majini. Iliyo bora ni jezi ya mpira ya mikono mirefu, ya rangi iliyokoza, isiyo na vitundu, pamoja na suruali ya kubana. Katika mitumba hupatikana pia fulana za kuogelea zenyewe, na wauzaji wengi hawajui ni za nini, kwa hivyo bei yake si ya kutisha. Kofia iwe pana pande zote, yenye kivuli kwa masikio na shingo. Kofia ya ukili yenye kamba ya kidevuni hufanya kazi hii vizuri akiwa mchangani, na kwa majini atafutiwe ya kitambaa. Kapelo yenye mdomo wa mbele peke yake huacha masikio nje, na masikio tumekwisha kusema habari zake.

Kuhusu mafuta. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi, lakini si kinga ya kumtegemezea mtoto saa tano zilizofuatana. Mafuta ya karafuu ndiyo kabisa yasikaribie ngozi ya mtoto. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, nayo ikiwa haikuzimuliwa huwasha na kuchoma hata ngozi isiyo na kidonda. Twaipenda karafuu, na inatulisha, lakini hapa haina kazi. Liko na jingine ambalo wengi hawalijui: maji ya ndimu. Watoto huchukua embe mbichi, chumvi, pilipili na ndimu wakaenda navyo pwani. Maji ya ndimu yakidondoka juu ya ngozi na jua likayapiga, hutoka malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi, na hili humpata mtoto wa rangi yoyote. Wanawe mikono na midomo kabla ya kurudi juani.

Yako mafuta yaliyotengenezwa hasa kwa kuzuia jua. Kwenye chupa huwa na herufi SPF na nambari. Isiwe chini ya 30. Hupakwa kama robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, kwa wingi, si kwa ncha ya kidole. Masikio, nyuma ya shingo, juu ya miguu na midomo visisahauliwe. Hupakwa tena kila baada ya saa mbili, na tena kila mtoto anapotoka majini akajifuta, hata kama chupa imeandikwa kuwa haiondoki kwa maji. Katika miaka ya 2010 yalianza kutengenezwa Moshi mafuta yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, yakagawiwa kwao bila ya malipo. Mwenye mtoto wa namna hii na aulize hospitali au katika jumuiya ya watu wenye ualbino kama kuna mgao, kabla hajatoa fedha dukani ambako chupa moja yaweza kumaliza pato la siku la mchumaji. Akipata, aiweke kivulini. Tumeiona chupa moja imewekwa juu ya sakafu pembeni mwa karafuu, na joto lile huharibu dawa. Ila twasema wazi: nguo na saa ndiyo kinga ya kwanza, mafuta ni ya pale nguo isipofika. Asiyepata mafuta asikate tamaa, na aliyeyapata asimruhusu mtoto kukaa majini adhuhuri kwa kuyategemea.

Macho nayo yatakiwa yaangaliwe. Mtoto mwenye ualbino huumizwa na mwanga na haoni mbali vizuri, kwa hivyo mng'ao wa bahari humpofusha asione mwamba wala ngarawa inayokuja. Asiogelee peke yake. Miwani ya jua inayozuia mionzi hiyo humfaa akiwa mchangani. Ile ya rangi tu isiyozuia kitu haimfai.

Na yule kaka mwenye ngozi nyeusi? Yeye ana paa lake, na hatari ya saratani ya ngozi kwake ni ndogo sana. Asitishwe kwa yasiyomhusu. Hata hivyo paa hilo halifuniki macho, na jua la miaka mingi ni mojawapo ya mambo yanayoleta mtoto wa jicho uzeeni. Wala halimzuii kuishiwa maji mwilini, basi apewe maji au dafu. Watoto wa rangi ya maji ya kunde na weupe, ambao visiwani kwetu ni wengi, huungua kwa kiasi chao na yafaa wavae. Mtoto mchanga asiyetimiza miezi sita asiwekwe juani pwani kabisa.

Mtoto akiungua, atolewe juani mara moja, apozwe kwa maji safi ya baridi ya kiasi au kitambaa kilichorowa, apewe maji ya kunywa mara kwa mara. Malengelenge yasitumbuliwe. Asipakwe samli, dawa ya meno, majivu wala kichupa cha bibi. Akipata homa, akitapika, akizubaa, au malengelenge yakienea, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mtoto mwenye ualbino akiwa na kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, au gamba gumu usoni au sikioni, asingojee mchumo uishe. Vidonda vya namna hiyo vikiwahiwa huondolewa kwa kugandishwa au kwa kupasuliwa kidogo; vikicheleweshwa huwa habari nyingine.

Tuna neno moja kwa wenye madago. Kila mwaka tunamweka mtu wa kulinda karafuu zilizoanikwa, naye hulipwa. Mwenye shamba anayemlipa mlinzi wa karafuu akaacha watoto wa wachumaji thelathini bila ya mtu mzima mmoja pwani, hesabu yake haikukaa sawa. Bibi mmoja asiyeweza tena kupanda mti, akiwa na ukuti wa kivuli na sauti ya kuita, anatosha.

Baada ya wiki tatu tulirudi kwenye dago lile. Mwezi ulikuwa mchanga na maji ya bamvua. Mgongo wa kijana ulikuwa umepona, ingawa mabegani palibaki madoa. Baba mtu alitupokea kwa chai akatuambia kuwa alikwishakufikiri, na kwamba ameweka kanuni yake mwenyewe isiyotaka saa wala kivuli, maana watoto hawakumbuki saa lakini jamvi wanalijua. "Karafuu zikitoka nje, yeye yumo ndani," alisema. "Karafuu zikiingia ndani, yeye atoke. Likiwa wingu pia vilevile, hata kama hatukuanika." Tulimwuliza nani alimfundisha hayo, akacheka, akasema karafuu.

Kama saa kumi na nusu akapiga kelele, "Anua!" Watu wote wakashika majamvi, watoto nao wakabeba vikapu, na huyu mdogo alibeba kwa haraka kuliko wote. Kisha akaingia bandani akatoka na jezi ya buluu iliyokoza, mikono mirefu mpaka kwenye vidole, suruali nyeusi ya kubana, na kofia ya ukili iliyosukwa na mama yake. Bibi mzaa baba alimpaka mafuta ya chupa masikioni na juu ya miguu, akinung'unika kuwa hayanukii kitu. Kisha akachukua mkeka wake akaongozana nao, maana yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuangalia.

Tuliwafuata. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, na vivuli vyetu mchangani vilikuwa virefu kuliko sisi. Kijana alimpa bibi yake kofia ya ukili, akavaa ya kitambaa, akaingia. Kaka yake aliruka kwa kishindo, akazama nusu mwili, miguu ikabaki juu, akaibuka maji yamemtoka puani.

"Bado," mdogo wake alimwambia. "Shusha kichwa kwanza."